Dagaa wa Kundi la Nne

Mzee Maige, wewe acha tu. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, kakulia kwenye zizi la ng'ombe Kisesa, leo anatunza panya weupe themanini katika maabara moja hapa Mwanza, na kila mmoja kampa jina. Utaratibu unataka namba. Namba anazo kwenye daftari, sawa, lakini ukimkuta asubuhi anabadilisha maranda kwenye vizimba, utamsikia anawasalimia mmoja mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi sita: kupima kama dawa fulani ya magome, ambayo wazee wengi wanakunywa kwa maumivu ya miguu, inamdhuru anayeitumia muda mrefu. Kundi la kwanza lilipewa maji matupu, la pili dozi ndogo, la tatu ya kati, la nne dozi kubwa. Kila Jumatatu walipimwa uzito. Maige aliyasubiri majibu kwa hamu kuliko hata Daktari Renatha mwenye utafiti, maana mama yake, Bibi Selina, alikuwa anakunywa dawa hiyohiyo kikombe kizima kila siku, mwaka wa pili sasa.

Sasa sikia alichofanya. Mwezi wa tatu, jicho lake la mfugaji liliona manyoya ya kundi la nne yamesimama na chakula kinabaki. Mizani ilikuwa haijaona kitu bado. Kwao ndama akizubaa hivyo haachwi, anatengwa, anaongezewa. Basi Maige akawa anakuja na dagaa wa kusaga mfukoni, anawalisha wale wanyonge. Roho nzuri anayo, jamani, lakini akili siku hizo aliiacha nyumbani.

Wiki tano panya wakanawiri. Jumatatu moja Renatha akamwambia, anatabasamu, kwamba dawa inaelekea kuwa salama. Maige alikwishashika simu ampigie mama yake, ndipo akairudisha mfukoni. Uzito ule ulikuwa wa dagaa.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Akamfuata Renatha ofisini, akasema yote, macho chini. Renatha, ambaye kila asubuhi humwamkia shikamoo, alifungua daftari la uzito, akazipiga mstari zile wiki tano moja moja, mpaka Maige akatamani atukanwe.

"Tutaanza upya na panya wapya, mzee wangu," akasema hatimaye. "Na utawatunza wewe, kwa sababu umekuja mwenyewe kuniambia."

Jioni ile Maige alimsihi mama yake aiache dawa. Bibi akakataa katakata. Miguu inamuuma, na yeye Maige ana ushahidi gani? Maige hakuwa nao.

Wakaanza upya. Mwezi wa tatu manyoya yakasimama tena. Safari hii alikuja mikono mitupu. Aliwapima, akawasemesha, akaandika gramu zinavyopungua wiki baada ya wiki, na asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi nyepesi kwa mtu wa namna ile. Renatha alisema majibu kamili yatasubiri maini yapimwe, ila angekuwa mama yake yeye anayeinywa, asingengoja. Maige akatoka nje, akapiga simu Kisesa.

"Mayu, hiyo dawa iache."

Mama akauliza kama ushahidi umepatikana.

"Nimeuona. Nimewaacha wanakonda, mayu, huku nawaangalia."

Bibi Selina anamjua mwanawe. Kwenye simu Maige akasikia kikombe kinamwagwa.