Kaa wa Chupa ya Tisa

Kwa miaka sita Valerian alipanga nyuzi za katani kwa gredi katika chumba cha brashi cha kiwanda, zinakosuguliwa, kwenye shamba moja la Ngombezi, na vumbi likamkaa kifuani. Mwaka 1937 daktari wa shamba, Mwingereza asiye na haraka, alimsikia akikohoa, akamhamishia kwenye meza yake ya dirishani. Kazi mpya ilikuwa kupanga kaa, ambao daktari aliwachunguza kwa hamu yake mwenyewe.

Kaa hao, wadogo kama punje ya njegere, huishi ndani ya chaza. Waliletwa kwa treni kutoka Tanga katika chupa za spiriti. Valerian aliwagawa kwa jenasi, yaani koo zao, kila moja chupa yake. Ukubwa haukumsaidia, maana jike na dume wa aina moja hawafanani hata kidogo. Alitazama kiungo kinachofunika mdomo, kipande chake cha mwisho kimepachikwa wapi. Kisha miguu, kama ya kulia inalingana na ya kushoto.

Kaa wa chupa ya tisa Valerian alimtenga peke yake, maana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Daktari akasema hiyo ni jenasi mpya. Wakubwa wa elimu ya wanyama huko Ulaya wakiikubali, kazi ya mezani itaendelea. La sivyo, meneja wa shamba anamtaka Valerian kiwandani.

"Andika kibandiko cha jenasi mpya," alimwagiza. "Kifurushi cha Ulaya kinaondoka kesho."

Mchana, nyumbani, mkewe Justa alisikiliza mashaka yake, akaweka ugali mezani. "Andika anachotaka, baba Hilaria! Kaa ana kesi na wewe?"

Valerian alirudi kwa daktari, akashika kalamu, akaiweka chini.

"Bwana Daktari, mguu huu umeota upya."

"Umejuaje?"

"Mtoni kwetu Mnyuzi, kaa akikatika mguu huota mwingine, mwembamba hivi. Na mdomo ni uleule wa kaa wa chupa ya nne."

"Lakini ni wewe uliyemtenga!"

"Nilikosea, Bwana. Gredi haitolewi kwa unyuzi mmoja."

Daktari aliinamia lenzi mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua kibano, akamhamishia kaa kwenye chupa ya nne kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimwambie nini meneja?"

"Ukweli, Bwana."

Jumatatu alfajiri Justa alimfunga mumewe kitambaa puani.

"Kaa wako wanakusalimu," alisema.

Valerian alicheka, akakohoa, akatoka kuwahi king'ora cha kiwanda.