Ndengu Kwenye Zizi la Mbuzi

Jumapili hiyo nilikuwa natembea kutoka Kathonzweni kuelekea Kalamba, bila sababu kubwa. Niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu ndiyo hunisomesha.

Wingu jeusi likajikusanya juu ya kilima, msimu ambao halikutarajiwa. Kando ya njia kulikuwa na boma lisilo na mtu, na uani ndengu zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai, bado ndani ya maganda yake. Wimbo wa kanisa ulisikika kutoka ng'ambo ya bonde, kwa hiyo nilijua wenyewe walikuwa wapi. Ndengu zilizoanikwa zikinyeshewa huoza au huchipua, na nyumba hubaki bila chakula wala mbegu. Nilipiga hodi, nikaingia hivyo hivyo.

Nyumba na jiko vilikuwa na kufuli. Paa lingine lililokuwapo ni la zizi la mbuzi. Niliwatoa mbuzi, nikajaza gunia.

Nilikuwa nalo begani alipotokea bibi mmoja akihema, nyuma yake nusu ya kwaya. Nao walikuwa wameliona wingu. Akanitazama.

"Kijana, ndengu zangu zinaenda wapi?"

"Kwa mbuzi, susu," nikajibu. Susu ni bibi kwa Kikamba.

Akawageukia wenzake. "Nimezeeka, lakini mwizi wa kuniibia na kuwapelekea mbuzi wangu mwenyewe, huyu ndiye wa kwanza."

Walicheka, na matone yakaanza. Hakuna aliyeuliza zaidi. Akina mama, wakiwa na nguo zao za kanisani, wakashika turubai pembe zote. Mzee mmoja wa kanisa, akiwafukuza mbuzi waliotaka kurudi ndani, alituhakikishia kwamba kubeba siku ya Jumapili si kuvuna, Mungu anajua tofauti. Mvua ilipofika yenyewe, tulikuwa tumebanana zizini pamoja na mavuno yote, tunanuka mbuzi, na kwaya inamalizia wimbo iliouacha katikati.

Ilipokatika niliaga. Susu akasema Jumapili hapuri ndengu, ila kesho jua likitoka zitapurwa, na aliyezibeba haondoki kabla ya kuzipura. Nikalala jikoni kwake.

Asubuhi kikaja kikundi cha mwethya, akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, kila mmoja na fimbo yake. Jua lilipoyakausha maganda vizuri, nikaazimwa moja. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, ndengu zikarukia majanini.

"Polepole," susu akasema. "Hiyo si nyoka."

Kufikia jioni ndengu zilikuwa zimepepetwa, safi, na za kwanza zilikuwa zikichemka chunguni. Tukila, mama mmoja akaniuliza kama kesho nina kazi, maana zake bado ziko na maganda. Nikasema sina. Mwenzake akasema basi keshokutwa ni kwake, wala hakungoja jibu langu.

Mimi ambaye sikuwahi kujua nitaamkia wapi, niliinuka nikaenda kujikatia fimbo.