Mgonjwa Asiyeandikwa

Kazi yake ilikuwa kuwanyima watu faraja, na walimlipa kwa hilo. Mtaani walimwita Daktari wa Wasiwasi, ingawa hakuwa na sindano wala dawa. Alikuwa na viti viwili, boksi la tishu na beseni la udongo. Wenye hofu ya uchafu walitumbukiza mikono humo, wakakaa nayo vile vile mpaka hofu ichoke yenyewe. Mtoto akiuliza kutwa kama nyumba itaungua, mama alitakiwa kujibu, "Huenda ikaungua, huenda isiungue," kisha aendelee kukata vitunguu.

"Dada, nimemleta atulizwe," mama mmoja alimjia juu, "nawe unaniambia nisimtulize?"

"Kila ukimtuliza, unailisha hofu yake."

Mgonjwa wake bora hakumwandika popote, maana kutibu ndugu ni mwiko wa kazi hiyo. Alikuwa baba yake mzazi, karani mstaafu. Tangu mkewe atoke kwenda kununua uzi akagongwa na lori akafa, mzee alimpigia binti simu asubuhi, mchana, akiwa na wagonjwa, akiwa bafuni. "Umefika salama? Una uhakika?" Uvumilivu ulipomwisha, binti akaanza matibabu: akaacha kupokea. Mzee alinuna, akalia, mwishowe akapona. Simu ya binti ikawa kimya kama ya mbunge baada ya uchaguzi, naye akajipongeza.

Mwaka mmoja baadaye, madaktari wenye sindano wakamkuta binti na uvimbe tumboni. Siku moja kabla ya upasuaji alikwenda kwa baba, akiomba moyoni aulizwe, maana kujianzia mwenyewe kulimshinda. Mzee akamimina chai. Akasifu mvua. Akaisengenya redio. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kingo za kiti.

"Baba, huoni nilivyokonda?"

"Nimeona zamani. Gauni lote linakupwaya."

"Mbona huulizi?"

"Si ulinikataza, daktari wangu? Nauma meno tu."

Akamweleza yote: uvimbe, kisu, kesho asubuhi. Mzee akamwongezea chai, bila kuuliza. Binti hakuwahi kupata mgonjwa mtiifu kama huyo.

"Niulize, baba. Leo ruhusa."

"Nikianza sitaacha, mama."

"Usiache."

Mzee akavuta pumzi. "Utapona?"

Hakujua. Madaktari nao hawakujua, na walikuwa wamemwambia hivyo kwa adabu zote.

"Nitapona, baba."

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Hebu sema tena."

Akasema tena. Mzee akasogeza kiti, akamshika kifundo cha mkono, akauliza upya. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa ikibomoka mbele ya macho yake, naye akaibomoa pamoja na baba, jibu baada ya jibu, bila haraka yoyote ya kwenda nyumbani.