Kochi Barabarani

Huku kwetu kila mtu anajua lugha ya matawi. Ukikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, ujue mbele kuna gari limeharibika. Unapunguza mwendo, unapita pembeni, unaendelea na safari yako. Hakuna anayesimama. Na hilo ndilo nusura liniulie mama yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ile nilitoka kukata majani ya ng'ombe, nikakuta kwenye kona iliyo chini ya nyumba yangu barabara ya kushuka kutoka Chome imeliwa kwa chini. Juu ilionekana nzima kabisa, ila ukiitazama kutokea bondeni unaona upande wa nje unaning'inia tu, udongo wote umekwenda na maji. Jirani yangu, mzee mmoja mpole kupita kiasi, alikuwa ameshakata matawi na kuyapanga vizuri katikati ya njia. Nikamwamkia, kisha nikamwambia kwamba kwa matawi yale anawakaribisha watu shimoni: dereva akiyaona atapita pembeni, na pembeni ndiko kwenye balaa lenyewe. Akaniambia nipunguze ukali, madereva wana macho.

Macho! Basi la asubuhi lilikuwa linakuja kutoka juu, na ndani yake alikuwemo mama yangu, anakwenda hospitali Same kutolewa mtoto wa jicho. Nikapiga simu, mtandao hakuna, kama kawaida ya kona ile. Kupunga mkono nako ni bure. Basi likishajaa dereva anadhani unaomba lifti, anakupita hata hakutazami.

Nikawaza: dereva wetu huyu anakanyaga matawi, anakanyaga mawe, hata mbuzi wa watu hawasubiri. Kitu gani hawezi kukikanyaga? Nikarudi nyumbani mbio. Makochi yangu yalikuwa na miezi miwili tu. Yalipandishwa mlimani vichwani mwa watu, na mimi nyuma yao nikigombana na kila aliyeyagusisha ukuta. Nikalishika lile refu. Mzee, aliyekuwa amenifuata, akashika upande wa pili huku akinicheka, akauliza kama dereva naye tutamwekea chai. Tukalikokota matopeni mpaka juu kidogo ya kona, tukalikingamisha njiani. Vitambaa vyake sikukumbuka hata kuvitoa. Halafu nikakaa.

Nilikaa katikati, kanga kiunoni, mundu mapajani. Niliogopa, nasema kweli. Basi likatokea, likapiga honi ndefu. Sikuinuka. Likapiga tena. Sikuinuka. Likasimama hatua chache kutoka magotini kwangu, dereva akashuka amevimba kwa hasira, akauliza nimerogwa au nimelewa. Mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu neno la mwisho, siku hiyo sikubishana. Nilimpa jembe ambalo mzee alikuwa ameliacha kando ya njia, nikamwambia aende akachome kwa mpini pale alipotaka kupita. Akachoma mara moja. Mpini ukazama wote, na alipouchomoa, kipande cha barabara upana wa kitanda kikaporomoka mpaka bondeni.

Alirudi, akanirudishia jembe kwa mikono miwili. Siku hiyo nilikuwa mkubwa kuliko mlima Shengena, na sioni haya kusema! Dereva mwenyewe akashuka kwa miguu, akijibana upande wa ndani wa njia, kwenda kutafuta gari la kuwapokea abiria huko chini.

Abiria wakateremka mmoja mmoja, kondakta akiwaeleza kwamba kuna mama kichaa amefunga njia kwa kochi. Wa mwisho alikuwa mama yangu, ameshikwa mkono, maana alikuwa haoni zaidi ya vivuli. Nikainuka nimwamkie, sauti ikagoma. Kondakta akamkalisha pale nilipotoka.

Akapapasa mkono wa kochi, akakuta kitambaa. Vidole vikafuata ukingo wake, ua moja, ua la pili, vikasimama. Kitambaa kile alinifumia yeye, enzi macho yake yakiwa mazima.

"Hiki nilikifuma mimi," alisema. "Kumbe kichaa mwenyewe ni wangu."

Hapo ndipo shikamoo yangu ikatoka, pamoja na machozi. Akaitikia marahaba, akasogea kidogo kunipisha nikae.