Mshenga wa Mzee Zungu

Mzee Zungu alikataa katakata kuingia kwa daktari. Alikaa kwenye benchi la korido, mguu wa kulia kaunyoosha mbele, kisigino kimefungwa bendeji, kofia yake ya harusi kaipakata kama mtoto. Nesi aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili asikose neno.

"Nimesema siingii. Umewahi kuona wapi mtu akajiposea mwenyewe?"

"Baba, hapa hospitali. Hatujaja kuposa mtu."

"Hawa wana kitu. Sisi tunakitaka. Watu wanakaa, wanazungumza, mmoja anavuta huku, mwingine kule. Kama hiyo si posa, ni nini? Nenda wewe."

Zodwa akatazama dari. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari huko Pinetown, nje ya Durban, na upande wake wa gari kuna breki ya pili, kwa hiyo kumsimamisha mtu mzima asiyetaka kusimama si jambo geni kwake. Kwa baba yake hakuwa na breki ya kwanza wala ya pili.

Lakini tusimcheke mzee kabla hatujamjua. Katika vilima vya Ndwedwe, kwa umri wote wa Zodwa na zaidi, hakuna posa ya maana iliyopita bila Manzini. Ndivyo walivyomwita mzee huyu, kwa jina la sifa la ukoo wake. Alfajiri ungemkuta langoni kwa wenye binti, anaita majina ya wazee wao mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kuamsha mbwa wa kijiji kizima, na wenye nyumba wanajifanya viziwi. Watamwacha asimame mpaka jua limuunguze utosi. Wakimfungulia watamtoza faini kwa kuchelewa. Yeye atalipa, atacheka, atakaa chini kwenye mkeka, na hutamsikia hata mara moja akisema "nataka". Alisema "tumetumwa".

Mshenga hana njaa yake, alikuwa akisema. Haongezi ng'ombe, hapunguzi ng'ombe, wala haonjeshi maneno asali njiani. Kuna mwaka wenye binti walimtukana mama wa bwana harusi mbele yake, tusi zito, akalibeba vilevile lilivyo mpaka kwa waliomtuma, na mama mwenyewe kakaa pale. Harusi ikavunjika. Watu wakasema Manzini kajiharibia. Msimu uliofuata familia zote mbili zilimwita yeye, kila moja kwa posa yake.

Sasa ugonjwa ulimkuta hana mshenga. Mwenzake wa ushenga wa miaka yote, Mthiyane, alikuwa ameshazikwa. Mke pia. Mwana wa kiume hakumpata: Ntombizodwa maana yake wasichana watupu, na jina hilo alipewa Zodwa kwa malalamiko, si kwa sifa. Dada zake wawili wameolewa mbali. Alibaki yeye, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona mwanamke akitumwa ushenga huko Ndwedwe.

"Basi wewe ndiye wa kwanza," mzee alimwambia. "Simama wima, acha kutafuna bazoka."

Ugonjwa ulianza kama baka jeusi kisiginoni. Mzee alisema amekanyaga jiwe akitoka kwenye posa, naye hakuwa mtu wa kumsumbua daktari kwa jiwe. Baka likapanuka, likapasuka, likawa kidonda kisichokauka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee alijificha ndani ya soksi karibu mwaka mzima. Kipimo kilipotoka na kutajwa melanoma, saratani ya ngozi, majirani walibisha. Hiyo ni ya wazungu, walisema, ya watu wanaoungua na jua.

"Wamechukua mashamba ya babu," mzee alisema, "wakaona aibu, wakaniachia ugonjwa wao."

Zodwa alicheka siku ile, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Basi akaingia kwa daktari peke yake, na mfuko wa majimbi mkononi. Mzee ndiye aliyelazimisha. Mdomo wa wenye nyumba haufunguliwi kwa mikono mitupu.

Daktari Perumal alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, mzaliwa wa Chatsworth, mtaa wa Wahindi wa Durban, na Kizulu chake kilichechemea lakini kilifika. Aliutazama mfuko, akamtazama Zodwa.

"Hii ni nini?"

"Baba anasema ni ya kukufungua mdomo."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema zawadi haruhusiwi kupokea, ila manesi wana jiko, na majimbi hayana jina la mtu. Kisha akaacha kucheka.

"Naweza kukueleza yote, kwa kuwa baba yako ameniruhusu. Lakini kukubali au kukataa ni kwake. Hilo nitalisikia kutoka mdomoni mwake mwenyewe."

"Utalisikia," Zodwa alisema, ingawa hakujua vipi.

Daktari akaeleza polepole. Aina hii haiulizi jua, hutokea nyayoni na chini ya kucha, hata kwa watu weusi. Ya mzee imeshahama kisiginoni, imeingia kwenye tezi za kinena, na mapafuni kuna vidoa. Kisu peke yake hakiwezi tena kuimaliza. Kuna dawa za zamani ambazo hospitali inazo, ila kwa saratani hii hazifanyi mengi. Kuna kumtunza nyumbani, apewe za maumivu, asiteseke. Na kuna utafiti unaoanza. Humo kila mgonjwa atatundikiwa dripu ya dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ambayo nje ya utafiti hospitali hii haina. Nusu yao wataongezewa dawa mpya. Nani aongezewe, kompyuta ndiyo inayopiga kura.

"Inaponya?"

"Inasaidia baadhi. Kwa hii ya nyayoni, wachache zaidi. Na kinga ikiamka vibaya humgeukia mwenye mwili, ikala utumbo, ini, mapafu. Siwezi kukuahidi kitu, dada yangu."

Zodwa akatoa maswali matatu aliyotumwa. Wanataka nini kwangu? Wataninyima nini? Na nikichoka, natokaje?

Wanataka damu yake na picha za mwili, daktari alijibu, na safari ya Durban kila wiki tatu. Watamnyima kuchagua dawa.

"Na akichoka anatoka. Siku yoyote. Haulizwi sababu, hakasirikiwi na mtu, na sisi tutaendelea kumtibu."

Hilo la mwisho Zodwa hakulipenda. Alimjua baba yake. Vidonge vya presha alivitupa baada ya wiki mbili kwa sababu vilimfanya aombe ruhusa ya kwenda msalani katikati ya mazungumzo ya mahari. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mlango, siku ya kwanza ya kutapika atautumia. Daktari akampa mzigo wa karatasi za Kizulu ampelekee mzee, na Zodwa akazikunja, akazisukumia chini kabisa ya mkoba.

Akatoka. Akakaa kwenye benchi, akaeleza kama alivyofunzwa, bila asali. Alitaja tezi, alitaja mapafu. Alitaja kura ya kompyuta na ini linaloweza kuliwa. Hata lile la "siwezi kukuahidi" alilibeba likafika zima. Mzee alisikiliza amefumba macho, kama anavyosikiliza idadi ya ng'ombe.

"Umesema vizuri," alisema. "Mthiyane angefurahi. Na la tatu?"

"La tatu, Baba, ukianza umeanza. Ni mpaka mwisho."

Mzee akafumbua macho. Akaitazama kofia yake kwa muda mrefu, akaigeuza, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Basi nenda ukawashukuru. Waambie wamezungumza na sisi kwa heshima. Kisha unirudishe nyumbani."

"Baba! Kwa nini?"

"Hata mke aliyelipiwa ng'ombe wote ana njia ya kurudi kwao, akichoka kupigwa. Mimi nikitoa neno silirudishi, unanijua. Na hili sijui kama mwili wangu utaliweza. Sasa nivunje neno mara ya kwanza leo, nikiwa na mguu mmoja kaburini?" Akauinua mguu wenye bendeji. "Na wenyewe ndio huu mbovu."

Mzee alitaka binti acheke naye. Zodwa hakuweza. Alikuwa amefunga mlango ili mzee asitoke, na mzee bado yuko nje.

Angeweza kuinuka, akajifanya amekwenda kuuliza tena, akarudi na habari njema: wamelegeza, Baba, nimewabembeleza. Nani angejua? Wazo lilimpitia, na hata alishika mkoba asimame. Lakini mzee alikuwa akimtazama kwa uso uliojaa imani, uso wa mtu aliyetuma na kupokea, na Zodwa akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Baba, nimekudanganya."

"Wapi?"

"La tatu. Unaruhusiwa kutoka. Siku yoyote unayotaka. Daktari amesema wazi, na karatasi za kusema hivyo ninazo humu. Nimezificha."

Mzee hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Wewe ulitumwa na nani?"

"Na wewe."

"Na hayo ya ukianza umeanza, yalitumwa na nani?"

"Na mimi!" Sasa alikuwa analia, na korido nzima iliona. "Na mimi, Baba. Utatoka. Utatapika siku moja tu, useme basi, uje unifie mikononi. Mama ameshakwenda. Na wewe ukienda mimi nibaki nikimwita nani?"

Nesi aliyekuwa karibu akakumbuka kazi mahali pengine. Mzee akavuta pumzi, akaitoa.

"Mshenga mwenye njaa yake," alisema. "Nakuvua kazi."

Akavaa kofia. Akashika ukingo wa benchi, akajaribu kusimama, akashindwa.

"Bega lete. Bega sijalivua."

Wakaingia hivyo, mzee akichechemea, binti akipangusa pua kwa kiwiko. Mlangoni mzee akasimama kwa mazoea ili amwite mwenye nyumba kwa majina ya wazee wake, akakuta hayajui hata moja.

"Daktari, ukoo wenu unaitwaje kwa sifa?"

"Sina jina la sifa, Mzee. Babu yake babu yangu alivuka bahari kuja kukata miwa huku."

"Mkata miwa! Huyo alikuwa na mgongo. Nakusalimu, wewe wa mkata miwa." Akakaa. "Mjumbe wangu nimemfukuza. Nieleze mwenyewe, na uanze na la mlango wa kutokea."

Daktari akaanza na la mlango, kisha akaeleza mengine yote upya. Mzee akauliza kura ya kompyuta kama kuna anayeweza kuihonga, akajibiwa hakuna, akasikitika kidogo. Akauliza kifo cha nyumbani huwaje, cha bila dawa hizi. Zodwa hakuwa tayari kusikia swali hilo. Daktari alilijibu bila kuzunguka, na mzee akamshukuru. Kisha daktari akaweka mikono mezani.

"Sasa wewe, Mzee Zungu. Unataka nini?"

"Sisi tumetumwa..." mzee alianza, na sauti ilikuwa ileile ya langoni. Akanyamaza. Akageuka nyuma kidogo, kama anayetafuta waliomtuma. Nyuma yake kulikuwa na kabati na sinki.

Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, ya namna ambayo Zodwa hakuwahi kuisikia.

"Nataka kuishi," alisema. "Mimi. Naogopa sana, mwanangu, na nataka kuishi. Hiyo kura yenu, nitieni."

Zodwa aliinamisha kichwa. Kumbe muda wote alikuwa akimvuta kwa nguvu mtu aliyekuwa anakuja mwenyewe. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma.

Daktari hakukimbilia kalamu. Alimpa karatasi, akampa na miwani yake mwenyewe kwa kuwa ya mzee ilibaki Ndwedwe, na mzee akasoma kurasa zote kwa kidole. Alipofika pa kutia sahihi akasimamisha mkono.

"Kwanza aulizwe huyu. Siku nikisema basi, ni basi. Anakubali?"

"Kisheria hahitaji kukubali, Mzee."

"Sheria yenu nzuri. Lakini atakayenileta na kunirudisha ni yeye. Zodwa."

"Nimesikia, Baba."

"Sijakuuliza kama umesikia."

Daktari akapata kitu cha kutazama dirishani. Zodwa alitafuta mahali pa kuyashika maneno yale yasimkate, hakupaona, akayashika hivyohivyo.

"Siku ukisema basi, nitakurudisha nyumbani."

"Hutanililia njiani ili nigeuze?"

"Nitalia, Baba. Lakini nitakufikisha."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa bei ya haki, akainama akaandika jina lake.