Sikumwambia Bibi Ni Lini

Kazi yangu ni kuchunguza ajali zilizokwisha kutokea. Makundi ya galaksi huvutana huko mbali mpaka yakaingiliana. Galaksi zenyewe hupishana salama. Gesi iliyotanda kati yake ndiyo inayogongana, ikapata moto mpaka ikatoa eksirei, na darubini iliyoko angani ikazinasa. Mimi nakaa Morogoro mjini na kompyuta yangu, naunganisha picha hizo.

Likizo iliyopita nilipanda na kompyuta hiyo kwa bibi, huko milimani kupita Mkuyuni. Bibi huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, na utani hauishi. Nikamwonyesha picha moja, gesi imepinda kama moshi wa jikoni mtu anapofungua mlango.

"Haya yameshagongana," nikamwambia.

"Na sisi je?"

"Sisi tumo njiani, mke wangu. Galaksi ya jirani inatujia."

Kutujia inatujia kweli. Ila sikumwambia ni lini. Aliponiuliza kama sitanii, nilikaza uso, mjinga mimi, nikaapa kabisa. Kisha chakula kikaja, nikasahau hata kucheka, na kesho yake nikateremka mjini.

Bibi hakusahau. Ana mdogo wake wa kike anayeuza ndizi sokoni Mkuyuni, na walikuwa hawasemezani tangu mama yao alipofariki. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa wanawake, kwa hiyo hao wawili waligombana juu ya shamba la mama yao. Sasa bibi akateremka kwa miguu, akamweleza mdogo wake kwamba mwisho unakuja, akamwomba radhi, akamwachia sehemu yote ya bondeni yenye migomba na iliki. Wiki kadhaa baadaye mama yangu alinipigia simu kunipa habari hizo, anacheka kwa furaha. Mimi nikakumbuka kiapo changu.

Jumamosi nikapanda tena. Nilimkuta bibi analima kipande kilichobaki, kule juu kwenye mawe, anahema. Hata shikamoo ilinitoka kwa shida kwa aibu. Nikamweleza yote: kwamba ni baada ya mabilioni ya miaka, kwamba hata siku hiyo nyota zitapishana tu, kwamba nilikuwa natania. Nikamwambia nitakwenda Mkuyuni leo leo nimweleze mdogo wake, shamba lirudi.

Akaweka jembe chini. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

"Umeshamwambia mtu mwingine?"

"Bado, bibi."

"Basi nyamaza hivyo hivyo." Akatazama bondeni, kwenye migomba ambayo si yake tena. "Mdogo wangu ameogopa kuliko mimi. Kila Ijumaa anapanda mpaka hapa kunisalimia, na magoti yake yale. Ukimwambia hakuna kinachokuja, hatapanda tena."