Msuko Chini ya Shashi

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa maishani ilikuwa Garissa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ndani ya studio ya picha, nayo ilifunikwa kanga mbili isiingie vumbi. Baba yangu alikuwa karani aliyehamishwa kutoka pwani. Mimi niliajiriwa pale kwa sababu wanawake wengi wa mjini hawakutaka kupigwa picha na mwanamume. Mwenye studio, Msomali mpole kuliko mimi, aliileta mashine kutoka Nairobi pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza, akaniachia vyote viwili. Nilikisoma kwa hasira. Sipendi kushindwa na kitu kisicho na mdomo.

Sura iliyonitoa jasho ilihusu matabaka. Nilikuwa nikipaka rangi moja kwa moja juu ya picha, na nikikosea, nimeharibu uso wa mtu. Kitabu kilisema kila unachoongeza kiwekwe kwenye tabaka lake, juu ya picha. Ukitaka unalizima, ukitaka unaliwasha. Sikuelewa. Aliyenifungua macho ni mwenye studio, ambaye hata kipanya hakujua kukishika.

"Nyumba ya mama yangu kule malishoni ni fito, na juu yake mikeka," alisema, na p kwake ilikuwa b. "Ukitoa mkeka, fito iko balebale."

Tangu siku hiyo niliacha kuharibu nyuso za watu. Kiburi nacho kikaniingia.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka mtaa wa Waberi na picha ndogo iliyopauka. Ilikuwa ya marehemu mama yake akiwa msichana, hajaolewa, kichwa wazi, nywele zimesukwa. Alitaka ikuzwe aitundike sebuleni.

"Lakini wageni wanaingia," alisema. "Nywele ya hooyo, mama yangu, si ya watu kuona. Funika, abaayo, dada yangu."

Zamani zao, msichana aliweza kuacha nywele zake wazi. Akiolewa alijifunga shashi, kitambaa cheusi chembamba cha kichwani. Mama yule aliivaa yake mpaka akafa, kwa hiyo mwanawe hakuomba jambo la ajabu. Niliazima shashi kwa mke wa mwenye studio, nikajifunga mimi, nikageuza shingo kama marehemu, na mke huyo akabonyeza kamera. Picha ikasafishwa, nikaiingiza kwenye kompyuta pamoja na ile ya marehemu, nikaikata ile shashi na kuiweka kwenye tabaka la juu. Ikamkaa kama yake. Niliizima na kuiwasha labda mara ishirini, kwa kujifurahisha tu. Msichana, mama. Msichana, mama.

Picha ilipaswa kupelekwa Nairobi kwa basi ikachapishwe, lakini faili ilikataa kuenea kwenye disketi. Kitabu kilisema matabaka yakiunganishwa kuwa moja, faili hupungua. Nikaunganisha, nikahifadhi kwa jina lilelile. Kitabu kilisema pia uweke nakala kwanza, ila hilo lilikuwa ukurasa wa pili, na mimi nilishajiona fundi.

Mfanyabiashara alipoiona picha iliyokuzwa alifuta macho kwa ncha ya kikoi chake, akaniombea dua ndefu. Nilitembea nimeinua kidevu wiki nzima.

Baada ya wiki kadhaa akaingia bibi mmoja mwembamba aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Ifo kwa lori. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kismayu, alikofanyia biashara kabla ya vita.

"Mimi ni dada ya yule mama," alisema. "Nimeona bicha kwa nyumba ya mtoto wake. Ile nywele mimi nilisuka, asubuhi ya hiyo bicha. Kitu yangu yote ilibaki Kismayu. Mtoto anasema bicha ya zamani amechoma, watu wasione. Lakini anasema shashi iliwekwa juu na mashine. Mimi ni mwanamke, tena ni dada. Ondoa kidogo, nione."

Nilimvutia kiti kwa madaha. Nikafungua faili, nikatafuta tabaka la shashi nilizime. Kulikuwa na tabaka moja tu. Nilibonyeza kila nilichokijua. Nikajaribu kuifuta shashi, na kila nilipofuta, chini yake pakatokea weupe mtupu. Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, akingoja.

"Mama, nywele hazipo," nilimwambia. "Nimezipoteza mimi, si mashine. Niliambiwa niweke nakala, sikuweka."

Heri angenigombeza. Nilikuwa na majibu ya mtu anayegombeza. Yeye aliuliza tu kama mlango unafungwa. Nikaufunga kwa komeo.

"Fungua kichwa," alisema.

Nikavua mtandio. Akanikalisha chini, mgongo wangu kwenye magoti yake. Alianza kunisuka utosini, akashuka kuelekea masikioni, akivuta mpaka machozi yakanitoka, na alipoyaona akasema dada yake naye alilia hapohapo. Vidole havikusita hata mara moja. Alikuwa akinong'ona Kisomali, na sikumwuliza anasema nini. Sikusogea, ijapokuwa miguu ilikufa ganzi, kwa sababu niliamini kwamba akimaliza nitakuwa nimemrudishia kitu chake.

Alipofunga msuko wa mwisho akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alinitazama kwa muda mrefu, nywele kwanza, kisha uso. Nikamwuliza kama angependa nipige picha.

"Msuko ni hii," alisema. "Sura sio."

Akachukua mtandio wangu, akanifunika kichwa kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kutafuta lori la kumrudisha Ifo.